Shamba la Kwashemshi Ndani ya Kompyuta

Mdogo wangu alizaliwa na sikoseli, ugonjwa wa damu, na pale nyumbani kwetu Handeni ugonjwa huo ndio uliopanga mambo mengi. Ndio ulioamua nani abebe maji, nani aende shambani, na nani abaki. Yeye alibaki. Mpira hakucheza, kuogelea hakuogelea, na jua kali lilimwangusha kama ulivyomwangusha upepo wa mvua.

Baba yetu ni Mzigua wa hapohapo Handeni, mkulima wa mahindi na ufuta. Mama ametoka Kwashemshi, kwa Wasambaa, na kila likizo tulipokuwa wadogo alitupeleka kwa bibi. Mdogo wangu alipapenda kule kuliko mahali pengine popote duniani. Alipenda migomba, alipenda kijito kilichopita chini ya nyumba, alipenda moshi uliotoka kwenye makuti ya paa asubuhi bibi akipika bada, ule ugali wa muhogo. Lakini safari ya mwisho, akiwa darasa la nne, ilikuwa miezi ya kipupwe. Ukungu ulishuka, baridi ikamwingia kwenye mifupa, na maumivu yakampanda vibaya. Mjomba alimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, akapanda naye bodaboda mpaka hospitali ya Korogwe. Daktari alimwambia mama, "Mama, huyu usimpandishe tena mlimani." Hakupanda tena. Bibi ndiye aliyeshuka kutuona, na mkungu wa ndizi kichwani, mpaka miguu yake ilipokataa.

Baba hakuwa mtu wa mashine, lakini ofisi moja mjini ilipouza kompyuta zake za zamani alinunua moja. Alisema tu, "Mtoto akae na kitu cha kumshughulisha." Hivyo ndivyo magemu yalivyoingia nyumbani.

Mwanzoni yalikuja kwa sidii. Karibu na stendi ya Korogwe palikuwa na kibanda cha jamaa aliyenakili kila kitu, filamu, nyimbo, mahubiri na magemu, na sote tulijua havikuwa halali ila hapakuwa na pengine pa kwenda. Sidii nyingine ilifika imekwaruzika ikakwama njiani. Nyingine ilikuja na virusi, kompyuta ikazima na picha zetu zote za Idi zikapotea. Lakini sidii ikikubali ilikuwa yako. Mdogo wangu alizipanga kwenye boksi la viatu, akawaazima wenzake wa mtaani, wakamwazima za kwao. Hilo lilimpa sababu ya kutembelewa. Wavulana waliokuwa na haraka ya kwenda uwanjani walisimama kwanza mlangoni petu.

Kisha kile kibanda kikafungwa. Mwenyewe aligeuza kuwa cha kutoa na kuweka pesa. "Sidii zimekwisha, dada yangu," aliniambia. "Kompyuta mpya hata hazina pa kuziingizia. Mwambie mdogo wako anunue mtandaoni."

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi kwenye steshenari moja Korogwe, kutoa kopi na kuchapa barua za watu, nikapanga chumba mtaa wa Kilole. Duka letu lilikuwa na intaneti ya uhakika. Mdogo wangu alikuwa ameshasoma kila kitu kuhusu duka kubwa la magemu la mtandaoni. Unafungua akaunti, unalipa kwa kadi unayotengeneza kwenye simu, gemu linashuka moja kwa moja kutoka kwao. Tatizo lilikuwa kushuka kwenyewe. Gemu moja lilikuwa zito kuliko mabando yote ambayo baba angeweza kununua mwaka mzima. Basi akanipa neno lake la siri, na Jumapili duka likiwa limefungwa, kwa ruhusa ya tajiri wangu, niliketi pale nikishusha magemu huku nikisuka ukili. Nikayahamishia kwenye diski ya kubeba, nikaifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi kondakta wa basi la Handeni. Jioni mdogo wangu alinipigia. "Dada, limefika. Linafunguka. Halina virusi hata kimoja!"

Nasema haki, lile duka lilimfanyia mema. Kuna siku radi ilipiga nguzo ya umeme ya mtaani kwetu, kompyuta ikaungua, ikatoa moshi. Mimi nililia kwenye simu. Yeye alicheka. Baba alipopata nyingine, mdogo wangu aliandika jina lake na neno la siri, na magemu yote yakajipanga kwenye kioo kama yalivyokuwa, pamoja na mahali alipokuwa amefikia katika kila moja. "Unaona?" aliniambia. "Huku hakiungui kitu." Bei nazo zilishuka mara kwa mara, akasubiri, akapata kwa kidogo vitu ambavyo watoto wa Dar walivinunua kwa kikubwa. Kijana asiyeweza kutoka nje ya ua alikuwa na duka chumbani mwake.

Mabaya yake tuliyaona pia. Kulikuwa na siku amelala, maumivu yamempanda miguuni, na kitu pekee kilichoweza kumsahaulisha kilikuwa gemu, akilifungua linakataa. Linataka kwanza intaneti ili limtambue. Mtandao Handeni siku hiyo haupo. Au limeamua kujisasisha, limekula bando lote na halijafika nusu. Nilimkuta mara moja amekaa mbele ya kioo kinachozunguka duara, jasho linamtoka. Akasema, "Gemu nimelinunua, kompyuta ya kwetu, umeme wa kwetu. Sasa nasubiri ruhusa ya nani?" Na wale wavulana wa mtaani hawakuwa na cha kuazima tena. Huwezi kumpa mwenzio gemu lililo ndani ya akaunti. Taratibu wakaacha kuja.

Gemu alilolipenda mwishoni halikuwa la vita wala la mpira. Lilikuwa la kilimo. Unapewa kipande cha ardhi, unafyeka, unajenga, unapanda, unanyweshea, na mashamba ya wengine yamepakana na lako, watu wa kweli wa nchi mbalimbali. Shamba lenyewe halikukaa kwenye kompyuta yetu. Lilikaa kwao, kwenye mitambo ya kampuni, nasi tulilitazama tu kwa mbali.

Pale ndipo alipojenga kwa bibi. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mdogo wangu hakuweza kwenda maziko kwa sababu kulikuwa na baridi. Alianza tu kuchimba kijito.

Mama alilikuta siku moja alipompelekea dawa na maji. Alisimama na kikombe mkononi.

"Hapo ni wapi?"

"Patambue mwenyewe, mama. Ni wapi?"

Mama akainama karibu na kioo. "Mlango wa bibi yako hautazami huko," alisema hatimaye. "Unatazama bondeni."

Tangu hapo wakawa wanajenga wawili. Mama hakushika kipanya hata siku moja, alitoa maelekezo akichambua maharage. Jiko liwe nyuma, tena pembeni ya mparachichi. Ghala la mahindi liinuliwe juu kidogo, panya wasifike. Gemu lile lilitengenezwa na watu wa nchi za theluji, halikuwa na mgomba. Wakatafuta mmea mmoja wa majani mapana wakakubaliana kuwa huo ndio mgomba. Kwenye gemu hakukuwa na bada wala kinu, ila mdogo wangu aliweka gogo lililosimama mbele ya jiko, na mama akasema, "Sawa, hicho ni kinu." Mle ndani hata baridi haikuwepo, au ilikuwepo na haikumdhuru mtu.

Baba aliwapitia akitoka shamba, ameshika jembe, mwaka ambao mahindi yetu yalikauka yakiwa yamefika kiunoni. Alimtazama mdogo wangu akivuna. "Huku kwangu mvua haijanyesha," alisema, "yeye ndani anavuna." Lakini alivuta kigoda, akakaa, akauliza mbegu ile inakomaa kwa muda gani.

Shamba lililopakana na la mdogo wangu lilikuwa la Mtanzania mwenzetu, mtu wa Tabora, fundi redio. Walikutana humohumo ndani ya gemu kwa kusikiana wakizungumza Kiswahili kupitia vipaza sauti vya masikioni. Mdogo wangu alimwita jirani. Hawakuwahi kuonana. Jirani alikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye shamba letu, na mdogo wangu akilazwa, yeye ndiye aliyenyweshea.

Mdogo wangu alifariki mwezi wa masika, hospitalini, asubuhi, akiwa na miaka ishirini na kitu. Kifua kilimbana kwa muda mfupi tu. Wakati mama anatafuta salio la kunipigia niende, alikuwa ameshakwenda. Tulimzika Handeni baada ya sala ya alasiri. Wale wavulana walioacha kuja walikuja wote, wakubwa sasa, wakabeba jeneza, na mmoja wao alilia mpaka akaondolewa makaburini.

Mama alifunika kompyuta kwa kanga. Haikuguswa. Arobaini ikapita, mavuno yakapita. Siku moja niko Handeni nimekuja kuwaona, tunapepeta mtama uani, mama akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani.

"Lile shamba litakuwa limekauka, eti?"

Nikamwambia sijui.

"Tazama basi. Kama limekauka, nijue."

Nilibeba kompyuta mpaka Korogwe kwenye intaneti nzuri, na mama nikaja naye. Neno la siri nilikuwa nalo. Lakini duka lile la mtandaoni likaona mashine imekaa muda mrefu, likaona iko mji mwingine, likasema halinitambui. Limetuma namba za uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu yake mama alikuwa nayo sandukuni, imezima. Laini ilikuwa imeshafungwa kwa kutotumika. Nikapiga namba yake, sijui kwa nini, labda kwa kukata tamaa. Ikaita.

Mama aliniona nilivyoshtuka. "Inaita?" akauliza, na uso wake sitausahau.

Akapokea mwanamke. Namba ya mdogo wangu alikuwa amepewa yeye, aliponunua laini mpya.

Nikamsalimia, nikajieleza: samahani dada, namba hiyo ilikuwa ya marehemu mdogo wangu, sasa hivi umeingia ujumbe wenye tarakimu, naomba unisomee.

Akacheka kwa hasira. "Matapeli nyie hamchoki! Leo mmekuja na marehemu?" Akakata.

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nisingesoma. Nilipopiga tena hakupokea, na mara ya tatu mama alininyang'anya simu. Alipopokelewa hakutaja akaunti wala tarakimu.

"Mwanangu, hujambo? Mimi ni mama wa aliyekuwa na namba hiyo. Usinipe kitu. Nilitaka kukuuliza tu, watu bado wanampigia?"

Kisha yule mwanamke akajibu kwa sauti nyingine kabisa.

"Shikamoo mama. Walikuwa wanapiga, siku za mwanzo. Kuna mmoja wa Tabora alikuwa anapiga kila wiki anauliza yuko wapi. Nilimtukana, mama. Nilidhani ananisumbua."

"Marahaba. Hukujua, mwanangu."

Wakazungumza. Yule mwanamke alikuwa Singida, ana mtoto mchanga, tulimsikia akilia. Mama akamweleza habari ya shamba, la kwenye kompyuta, lililojengwa kama kwa mama yake mzazi. Nilidhani hatamwelewa. Mwisho akasema, "Mama, ngoja nikusomee," akasoma tarakimu mojamoja, na mama akazirudia kwa sauti, nami nikaziandika.

Kioo kikafunguka. Nikalifungua gemu nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia mama, kwamba mimea ya humo hukauka haraka, kwamba si kitu.

Halikuwa limekauka. Migomba ile ya uongo ilikuwa imejaa majani. Kijito kilikuwa kisafi. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuwekwa ghalani, na mengine yamepandwa. Mama alinishika mkono akanibana. Kwenye kisanduku cha ujumbe mtu wa Tabora alikuwa ameandika, wiki baada ya wiki: Jirani uko wapi. Jirani nimenyweshea. Jirani, kama nimekukosea niambie. Jirani, mahindi yako tayari, nayaweka ghalani.

Nikamwandikia kwamba mimi ni dada yake, nikamweleza. Kisha akaomba namba ya mama, akapiga, na wote wawili hawakusema chochote cha maana. Alisema tu, "Mama, pole, mama, pole," na mama naye anampa pole yeye.

Kwa karibu mwaka mzima, nilikaa na hiyo kompyuta Korogwe, na mama akawa anashuka na basi la asubuhi kila alipopata nafasi. Alijifunza kushika kipanya. Alitembea na yule mtu wa mdogo wangu wa ndani ya gemu, mwenye kofia nyekundu, akamzungusha nyumba, akamsimamisha mlangoni, wakatazama bondeni. Nyumba yenyewe ya Kwashemshi haikuwepo tena. Mjomba aliibomoa akajenga ya matofali na bati, na hatumlaumu, ana watoto. Mahali pekee palipobaki na kwa bibi palikuwa pale.

Halafu ukaja ujumbe kwamba lile gemu linafungwa. Wachezaji wamepungua, mitambo itazimwa tarehe fulani, tunawashukuru kwa kuwa nasi. Niliandika kwa kampuni ile, nikaandika tena. Niliomba watupe shamba tulihifadhi wenyewe, hata kama halitachezeka. Walinijibu kwa adabu. Walisema hawana namna ya kulitoa. Walisema pia, kwa kuwa nilikuwa nimewaeleza kwamba mwenyewe amefariki, kwamba akaunti ni ya mtu mmoja, hairithiwi wala haihamishwi, na kwamba alichonunua kilikuwa ruhusa ya kutumia. Ilikuwa katika masharti aliyoyakubali.

Nilimsomea mama kwa Kiswahili pale dukani. Aliniomba nirudie hapo kwenye ruhusa.

"Kwa hiyo halikuwa lake?"

"Halikuwa lake, mama. Hata yale mengine yote."

"Na hela waliichukua?"

"Waliichukua."

Akakasirika, mara ya kwanza tangu msiba. "Mimi nikimuuzia mtu kuku, siendi nyumbani kwake kumfungulia banda!" Alisema hivyo kwa sauti kubwa mpaka wateja waliokuwa wakisubiri kopi wakageuka.

Siku ya mwisho tulikuwepo, palepale steshenari. Baba naye alikuja, amevaa kanzu kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na alikuwa ametoka msikitini. Jirani wa Tabora aliingia shambani kwetu, mtu wake ana shati la kijani, akasimama karibu na kinu. Tulimsikia akipumua kwenye kipaza sauti. Mama alimwambia avune kila kilichokomaa, wasiache mazao kusimama, na wakavuna pamoja, yeye kule na mama huku, haraka haraka kama watu walioona mvua inakuja. Baba alikuwa akionyesha kwa kidole, "Pale, mmeacha pale." Walikuwa bado na mstari mmoja wa maharage pale kioo kilipoganda. Kikabaki kibao cheupe chenye maneno ya shukrani kwa Kiingereza.

Mama aliendelea kubonyeza kwa muda.

Nilikuwa nimepiga picha za kila pembe, nikazichapa za rangi palepale kazini, nyumba, ghala, kijito, mlango. Nilimpa zikiwa kwenye bahasha. Alizitazama zote, akanirudishia. "Ni nzuri," alisema, "lakini humu hakuna kinachosogea. Zikae kwako." Baba ndiye aliyechukua moja, ile ya mahindi, akaikunja kwenye mfuko wa kanzu.

Akaunti sijaifuta, na wao hawajaifunga bado. Huwa naifungua Jumapili nyingine. Magemu yake yamejipanga kwa herufi, yote yapo, yanafunguka yakipata intaneti, hayana vumbi wala mkwaruzo. Lile la kilimo limebaki jina tu, la rangi ya majivu, na ukilibonyeza halifanyi chochote. Sijui nani atakayeyacheza hayo mengine. Nina mtoto sasa, na akikua siruhusiwi kumpa. Lile boksi la viatu la sidii liko Handeni juu ya kabati, na hakuna mashine nyumbani ya kuzisoma.

Mama na mimi tulipanda Kwashemshi baada ya masika kwenye arusi ya binti wa mjomba. Kulikuwa na baridi. Mama alizunguka nyuma ya ile nyumba mpya, mahali lilipokuwa jiko, akakuta mjomba amepanda iliki mpaka ukingoni mwa kijito. Alisimama kidogo, amejitanda kanga mbili, kisha akaitwa kwenda kusaidia kumenya ndizi, akaenda.